Kinyume cha Upepo: Kufuata Moshi hadi Yellowknife

Jumatatu. Edmonton hadi Grimshaw

Tumetoka Edmonton alfajiri na lori la friji la shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ni mzaliwa wa Bukavu, na mwaka mzima hupeleka vyakula vilivyogandishwa kaskazini mwa Kanada, akishusha mzigo mji kwa mji mpaka Yellowknife. Ni Agosti 2024. Mimi nafundisha kemia sekondari, na kila majira ya joto wanafunzi huniuliza swali lilelile: moshi huu unatufanya nini? Habari za chembechembe wanazijua, wanazisoma kwenye simu kila asubuhi. Habari za gesi ndizo zilizonifanya niombe kiti kwenye lori. Nataka kwenda kinyume cha upepo, kutoka mji unaopokea moshi hadi msitu unaoutoa, na begini nina makala za watafiti za kutosha safari nzima.

Edmonton tumeiacha na utando wa kijivu juu ya mto North Saskatchewan. Kanada hupima hewa kwa kipimo cha AQHI, kinachoanzia 1 na kupita 10 hewa ikiwa mbaya sana. Wengi hawajui kwamba namba hiyo moja imekusanya vitu vitatu: chembe ndogo za PM2.5, dioksidi ya nitrojeni, na ozoni. Chembe tunaziona na pua inazinusa. Ozoni ya mjini haionekani kwa jicho, na ndiyo inayonishughulisha.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili. Ikiwa juu, katika stratosfia, inatukinga na miale ya urujuanimno, na bila kinga hiyo nchi kavu isingekalika. Ikiwa chini tunapopumulia, inawasha koo na mapafu, inaamsha pumu, na inaingia kwenye vitundu vya majani na kupunguza mavuno. Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi hulikataa mwanzoni: hakuna moto wala bomba la gari linalotoa ozoni. Hutengenezwa hewani. Dioksidi ya nitrojeni ikipigwa na jua hupoteza atomu moja ya oksijeni, atomu hiyo inadaka oksijeni ya kawaida, na ozoni inazaliwa. Oksidi ya nitriki iliyobaki huila ozoni hiyohiyo, hesabu ikarudi palepale. Lakini hewani kukiwa na mvuke wa misombo ya kaboni, uwe wa petroli, wa rangi za nyumba au wa mti unaoungua, vipande vyake huirudisha oksidi ya nitriki kuwa dioksidi bila kugusa ozoni. Hapo ozoni inaanza kujilimbikiza.

Kwa hiyo panahitajika oksidi za nitrojeni, misombo ya kaboni na jua. Moshi wa msitu unaleta misombo ya kaboni kwa wingi wa kutisha. Magari na viwanda vya kusafisha mafuta upande wa mashariki wa Edmonton vina oksidi za nitrojeni tayari. Ndiyo maana siku ya moshi mwepesi wenye jua kali mjini inanitia wasiwasi kuliko wengi wanavyodhani.

Jioni tumefika Grimshaw, kwenye alama ya maili sifuri ya Barabara Kuu ya Mackenzie. Tumelala humo humo kwenye lori.

Jumanne. Grimshaw hadi High Level

Mashamba ya ngano na kanola yanakwisha taratibu, msitu unaanza. Misprusi myembamba, misonobari, mipopla yenye majani yanayotetemeka hata upepo ukiwa mdogo. Tumeshusha mzigo Manning na kuendelea kupitia eneo la Keg River, na hapa nimemwomba shemeji apunguze mwendo, ingawa hakuna cha kuonyesha zaidi ya miti.

Magharibi ya barabara hii ndiko ulikopita moto wa Chinchaga. Ulianza British Columbia mwanzoni mwa Juni 1950 ukaingia Alberta na kuwaka hadi mwisho wa Oktoba, ukala takriban hekta milioni 1.4, eneo linalozidi mara nane ya kisiwa cha Unguja. Sera ya wakati ule ilikuwa kutouzima moto ulio mbali na barabara na makazi, basi ukaachwa. Mwezi Septemba moshi wake ulipanda juu na kusafiri. Tarehe 24, siku ya Jumapili, sehemu za Ontario na kaskazini-mashariki mwa Marekani ziliwasha taa mchana, na wako waliodhani vita ya nyuklia imeanza. Siku mbili baadaye watu wa Scotland waliliona jua la buluu. Kwa kawaida moshi hulifanya jua kuwa jekundu, kwa sababu chembe ndogo hutawanya mwanga wa buluu. Chembe za Chinchaga zilikuwa na ukubwa wa kukaribiana sana, zikatawanya zaidi mwanga mwekundu, na buluu ndiyo ikapita.

Ninachowaza ni gesi zilizopanda pamoja na chembe hizo. Watu waliandika rangi ya jua kwa makini, lakini ozoni ya moshi ule haikuwa na wa kuitafuta. Miaka hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit wa Caltech alikuwa ndiyo kwanza anaonyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles una ozoni, na kwamba inapikwa na jua kutokana na moshi wa magari na mvuke wa petroli. Mwaka 1956 watafiti wengine waliochunguza kemia ya ukungu wa aina hiyo wakagundua kitu kingine wasichokijua, wakakiita kwa muda “msombo X”. Leo tunakiita peroksiasetili nitrati, kwa kifupi PAN. Nitakirudia, maana bila hicho moshi wa kaskazini haueleweki.

High Level tumefika mapema. Mei 2019 maelfu ya watu waliondolewa hapa kwa sababu ya moto wa Chuckegg Creek, ulioteketeza takriban hekta 350,000. Kusini-magharibi mwa mji bado kuna mashina meusi yaliyosimama wima, na chini yake mipopla michanga imeshapita kimo cha mtu.

Jumatano. High Level hadi mpaka wa nyuzi 60

Leo ndipo tumekutana nao uso kwa uso. Kilomita chache kaskazini ya mji moshi ulishuka barabarani na taa za lori lililotutangulia zikapotea. Mfanyakazi wa barabara mwenye kibao alitusimamisha, tukakaa foleni muda mrefu, injini zikiunguruma, tukisubiri gari la kutuongoza. Nilivaa barakoa ya N95. Shemeji alifunga matundu ya hewa ya nje na kuacha ile ya ndani izunguke.

“Shemeji, hii moshi iko na harufu ya udongo,” akaniambia. “Ya kwetu, wakichoma majani, haina hivi.”

Pua yake imetaja jambo ambalo watafiti walihitaji ndege kulithibitisha. Msitu wa kaskazini hauungui miti tu. Chini ya misprusi kuna kuvu, majani yaliyokufa na mboji iliyojilimbikiza kwa karne na karne kwa sababu baridi haiiruhusu kuoza. Miali ikishapita juu, mboji hiyo inabaki inafukuta siku nyingi, wakati mwingine majira yote ya baridi chini ya theluji, na kuibuka tena masika. Moto wa miali na moto wa kufukuta hutoa moshi tofauti kabisa. Miali ina joto kali na oksijeni ya kutosha, hutoa kaboni dioksidi, masizi meusi na sehemu kubwa ya oksidi za nitrojeni. Kufukuta kuna joto dogo, hutoa kaboni monoksidi, amonia na mamia ya misombo ya kaboni isiyoungua ikaisha: formaldehaidi, methanoli, asidi asetiki, fenoli. Tulichokuwa tunanusa pale foleni kilikuwa zaidi cha kundi hili la pili.

Sasa rudi kwenye ile hesabu ya juzi. Moshi wa huku umejaa misombo ya kaboni kupita kiasi lakini una upungufu wa oksidi za nitrojeni, na chache zilizopo hazikai. Mwaka 2008 NASA ilileta ndege za utafiti Cold Lake, mashariki mwa Alberta, katika kampeni ya ARCTAS, na ile ndege kubwa ya DC-8 ikapita ndani ya moshi wa misitu ya Saskatchewan ukiwa bado mbichi. Walikuta kwamba ndani ya saa chache takriban asilimia 40 ya oksidi za nitrojeni zilikuwa zimeshageuka PAN, na asilimia 20 nyingine zimekuwa nitrati ndani ya chembe. Zaidi ya nusu ya kichocheo ilikuwa imefungiwa kabla moshi haujaenda mbali. Ozoni waliyoikuta kwenye moshi huo mbichi ilikuwa ndogo.

Nimesoma makala hiyo mara nyingi mezani nyumbani. Kuisoma nikiwa ndani ya moshi wenyewe, macho yakiwasha, ni kitu kingine.

Kuna na suala la mwanga. Ili kazi ianze hewani panahitajika haidroksili, kipande kidogo chenye oksijeni moja na hidrojeni moja, kinachoshambulia karibu kila gesi chafu na kuisafisha. Katika moshi mbichi chanzo chake kikubwa ni asidi ya nitrasi: moto huitoa, jua huivunja ndani ya dakika chache, haidroksili zinamwagika. Lakini jua lazima lifike. Hapa barabarani saa sita mchana lilikuwa giza la jioni. Katikati ya wingu nene la moshi miale ya urujuanimno haipenyi vizuri na kemia inapungua kasi, huku pembeni, mwanga unakogonga, ikiendelea kwa nguvu. Wingu moja la moshi lina mchana na usiku ndani yake kwa wakati mmoja, na hata FIREX-AQ, kampeni ya ndege ya 2019 magharibi mwa Marekani, iliziona tofauti hizo za kati na pembeni.

Nikamwambia shemeji kuhusu ya kwetu. Nimekulia Iringa, na kila mwaka kabla ya mvua nyasi za miombo huchomwa. Moto wa nyasi kavu unakimbia na miali, haufukuti, na jua la kule liko karibu utosini. Oksidi za nitrojeni zinatoka kwa kiasi kinachotosha kuipika ile misombo mara moja. Ndiyo maana, kwa kipimo cha ozoni kwa kila kiasi cha kaboni monoksidi, moshi wa savana za kitropiki kwa kawaida huzaa ozoni nyingi kuliko moshi wa misitu ya huku. Karibu theluthi mbili ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika. Mwaka 1992 watafiti wa SAFARI-92 walikwenda kusini mwa Afrika kupima moshi huo, baada ya setilaiti kuonyesha ozoni nyingi isiyotarajiwa juu ya Atlantiki ya kusini, mbali na kiwanda chochote. Na Nairobi hurushwa puto lenye kipima ozoni ndani ya mtandao wa SHADOZ, ulioanza 1998. Ningependa vijana wa kwetu wanaosoma kemia wajue kwamba takwimu hizo zipo, kwamba ni za anga lao, na kwamba bado zina maswali mengi ya kujibiwa.

“Basi sisi ndiyo tunatengeneza nyingi?” shemeji akauliza.

Nikamjibu kwamba ya kwetu hupikwa haraka na karibu, ya huku hupikwa polepole na mbali. Hakuniuliza mbali ni wapi, maana gari la kuongoza lilikuwa limefika.

Tumevuka mpaka wa Northwest Territories, kwenye latitudo ya nyuzi 60, usiku ukiwa na mwanga wa zambarau upande wa kaskazini. Huku Agosti giza linachelewa. Siku ndefu nazo ni sehemu ya kemia: jua liko chini, ila linafanya kazi saa nyingi.

Alhamisi. Enterprise, Hay River, daraja

Asubuhi upepo umegeuka, hewa safi. Tumesimama kidogo Alexandra Falls, ambapo mto Hay unaanguka mita 32, maji ya rangi ya chai kwa sababu ya mboji ileile.

Enterprise sikuwa na maneno. Tarehe 13 Agosti 2023 moto ulipita hapa na kuteketeza sehemu kubwa kabisa ya kijiji. Mwaka mmoja baadaye kuna viwanja vilivyosafishwa, changarawe mpya, nyumba chache za kuhamishika, na ngazi za saruji ambazo hazifiki mlango wowote. Moshi wa nyumba si moshi wa mti: ndani yake kuna plastiki, nyaya, rangi, betri, fanicha. Tuliteremka tukasimama dakika chache. Shemeji alikuwa akishusha mzigo kwa watu wa hapa kabla ya moto, na alinitajia mmoja mmoja nyumba ilikuwa wapi.

Hay River ameshusha mapakiti ya samaki na kuku. Kabla ya kufunga mlango wa nyuma aliangalia kipimajoto cha friji: nyuzi 18 chini ya sifuri, sawa na tulivyotoka Edmonton. Hapo nikapata namna ya kumweleza PAN. Mzigo wake ukikaa kwenye baridi unasafiri kilomita elfu na zaidi bila kubadilika. Ukitolewa kwenye joto, unaanza kugeuka palepale. PAN iko hivyohivyo. Kwenye hewa ya nyuzi 20 hudumu takriban saa moja tu kabla ya kuvunjika. Kwenye baridi ya kilomita saba juu inaweza kudumu miezi. Moshi wa moto mkubwa unapanda, unaibeba PAN hadi kwenye baridi, upepo wa magharibi unaichukua juu ya bara zima na bahari, na siku hewa hiyo inaposhuka na kupata joto, PAN inavunjika na kuiachia dioksidi ya nitrojeni iliyokuwa imefungiwa. Chini yake kuna jua na misombo ya kaboni. Ozoni inazaliwa mahali ambapo huenda hakuna aliyenusa moshi.

“Kwa hiyo friji iko juu,” shemeji akasema, na sijasikia mwanafunzi akiieleza vizuri zaidi.

Ushahidi upo. Mwaka 2004 Alaska ilipoteza takriban hekta milioni 2.7, na Yukon jirani nayo iliungua vibaya. Majira hayohayo, kwenye kituo cha mlima Pico, visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki, mita 2,225 juu ya bahari, watafiti walipima kaboni monoksidi, masizi, oksidi za nitrojeni na ozoni zikipanda pamoja kila hewa ya misitu hiyo ilipofika. Tarehe 19 na 20 Julai 2004 moshi wa Alaska na Kanada ulifika Houston, Texas, mji wenye viwanda vya mafuta na ozoni yake tayari, ukaiongeza. Mwaka 2011 ndege ya utafiti ya Uingereza ilikaa Halifax kwa ajili ya kampeni ya BORTAS, ikipima moshi wa kaskazini ulipokuwa ukitoka bara kuelekea baharini, na ikaona kwamba katika moshi uliozeeka siku kadhaa ozoni hutengenezwa zaidi kuliko katika ule mbichi. Si kila wingu la moshi huongeza ozoni. Mengine hayaongezi kitu, mengine huipunguza. Inategemea moto ulivyowaka, urefu ulikopanda, jua lililopata, na mji uliokutana nao njiani.

Hili la mwisho ndilo ninaloliona zito. Moshi na hewa ya mji vikichanganyika, kila kimoja kinampa mwenzake alichokosa.

Jioni tumevuka mto Mackenzie kwa daraja la Deh Cho, lililofunguliwa Novemba 2012. Shemeji anasema kabla yake madereva walisubiri kivuko wakati wa joto na barabara ya barafu wakati wa baridi, na kati ya misimu hiyo miwili mzigo ulikuwa haupiti. Baada ya Fort Providence tuliwapisha baisani, nyati wa huku, waliosimama katikati ya lami. Yellowknife usiku.

Ijumaa. Yellowknife

Mwamba mtupu wa kale, maziwa madogo kila upande, na ziwa la Great Slave lenye kina cha mita 614, refu kwenda chini kuliko ziwa lolote la Amerika Kaskazini. Nimekutana na mama mmoja Mrundi anayefanya kazi hapa. Tulipokaribishana tu akaanza kuhadithia ya 2023: amri ya kuhama ilitoka 16 Agosti, watu wapatao 20,000 wakaondoka kwa magari kwenye ile barabara moja au kwa ndege, na waliruhusiwa kurudi Septemba 6. Yeye aliondoka kwa ndege na watoto wawili.

“Dada, nilikwisha kukimbia mara moja katika maisha,” aliniambia. “Sikuwaza kwamba nitakimbia tena, na huku.”

Sikumjibu. Nilimshika mkono tu.

Mwaka huo Kanada iliungua takriban hekta milioni 15, na kaboni iliyotoka ilikadiriwa kuwa tani milioni 647. Sehemu ya kaboni hiyo ilitoka ikiwa kaboni monoksidi, gesi inayokaa angani mwezi mmoja hadi miwili na kutumia haidroksili nyingi sana. Haidroksili ndizo zinazoondoa methani hewani. Zikitumika kwa moshi, methani inaishi muda mrefu zaidi, na methani nayo, ikioksidishwa polepole, huchangia ozoni ya chini duniani kote. Mnyororo huo haumo kwenye kipimo chochote cha simu.

Watu wa hapa wanaukumbuka pia mwaka 2014, waliokaa na moshi zaidi ya miezi miwili. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa waliofika idara ya dharura kwa pumu waliongezeka maradufu. Lawama kubwa ni za chembe, na ni haki yake: karibu na moto chembe ndizo zinazoua. Ila ningependa watoto wa kusini mwa Kanada, wanaoupata moshi huo siku tatu baadaye ukiwa mwepesi na jua likiwaka, wasiambiwe kwamba hewa imeshakuwa salama kwa sababu tu mlima unaonekana.

Jumamosi. Yellowknife

Moshi umerudi mchana, na jua limekuwa jekundu la kukodolewa macho. Nimekaa maktaba nikisoma habari za juu zaidi, maana nimeulizwa mara nyingi kama moto wa msitu unaweza kugusa ile ozoni nzuri, ile ya stratosfia.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana: moshi haufiki huko. Kisha tukaona kwamba moto mkali huunda wingu lake wenyewe la radi, linalosukuma moshi kilomita 12 na zaidi. Tarehe 12 Agosti 2017 mioto ya British Columbia iliunda mawingu kadhaa ya aina hiyo kwa siku moja. Masizi yaliyomo yalifyonza jua, yakaipasha hewa inayoyazunguka, na moshi ukaendelea kujipandisha wenyewe hadi takriban kilomita 23 katika muda wa miezi miwili. Ulibaki stratosfia kwa miezi mingi. Moto wa Australia wa mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 ulikwenda juu zaidi, na huo ndio uliojibu swali. Mwaka 2023 Susan Solomon wa MIT na wenzake walieleza kwamba chembe za moshi zenye misombo ya kaboni huyeyusha asidi hidrokloriki kwenye joto ambalo chembe za kawaida za stratosfia haziwezi, na kwa njia hiyo klorini iliyolala inaamshwa. Klorini hiyo ilitoka zaidi kwenye gesi za friji na makopo ya kupulizia ya zamani, zilizopigwa marufuku na Itifaki ya Montreal ya 1987, na bado ipo angani ikipungua kidogo kidogo. Katika latitudo za kati za kusini walikadiria ozoni ilipungua asilimia 3 hadi 5 mwaka 2020.

Kwa hiyo moto uleule unaweza kuongeza ozoni tunapoipumua na kuipunguza tunapoihitaji. Miaka zaidi ya 30 ya nchi kushirikiana kuiponya ozoni ya juu ni moja ya kazi bora ambazo wanadamu wamefanya pamoja, na inaniuma kuona misitu inayowaka kwa joto tulilolileta ikiichelewesha.

Jumapili. Kurudi kwa ndege

Shemeji amebaki kusubiri mzigo wa kurudi nao. Mimi nimepanda ndege. Baada ya kupenya utando wa chini tulitoka kwenye hewa ya buluu, na dirishani moshi ulionekana kwa matabaka: moja nene la kahawia karibu na ardhi, nafasi safi, kisha jingine jembamba karibu na kimo chetu, limenyooka kuelekea kusini-mashariki. Hilo la juu ndilo nililolitazama muda wote. Nje ya kioo ilikuwa baridi kali.

Edmonton nimekuta mbingu nyeupe kidogo, jua kali, nyuzi 29, na upepo hakuna. Kwenye kundi la wazazi la timu ya mpira ya vijana, ambayo nasaidia kuisimamia, mtu alikuwa ameshaandika kwamba moshi umeisha na mazoezi ya kesho yabaki saa kumi jioni. Nimeomba yahamishiwe saa mbili asubuhi. Mzazi mmoja akauliza: “Mwalimu, mbona hewa imefunguka? Na watoto wana barakoa.”

Nimemwandikia hivi: barakoa ya N95 inazuia chembe, haizuii ozoni, na kichujio cha kawaida cha nyumbani hakiiondoi. Ozoni hupikwa na jua, kwa hiyo hupanda kuanzia adhuhuri na kufika kileleni alasiri hadi jioni, saa zilezile tulizopanga watoto wakimbie na kuvuta pumzi nyingi. Moshi mwembamba uliobaki hauzibi jua, na umeleta juu ya mji wenye magari kila kitu magari yanachohitaji ili kuitengeneza. Asubuhi bado iko chini. Mwenye mtoto wa pumu aje na dawa yake hata kama mbingu iko wazi, na asubuhi tuangalie AQHI kabla hatujatoka nyumbani.

Kocha amejibu: saa mbili asubuhi.